Uvimbe wa Maji kwenye Ovari: Kwa Nini Umri wa Mama Hubadili Maana Yake



Mpendwa msomaji, yapo maneno ambayo mwanamke akiyasikia hospitalini husahau yote yanayofuata. Neno “uvimbe” ni mojawapo. Mmoja akishaambiwa kwamba ana uvimbe kwenye ovari huanza kuwaaga watoto wake moyoni. Mwingine huenda kwa muuza mizizi anayeahidi “kuyeyusha” uvimbe kwa siku saba. Wa tatu huikunja karatasi ya majibu, akaiweka chini ya godoro, asiseme na mtu.

Makala hii inakusudia kueleza uvimbe huo ni kitu gani, unatoka wapi, na ni wakati gani wa kutulia na wakati gani wa kuharakisha. Jambo kuu la kushika ni hili: uvimbe uleule, wenye ukubwa uleule, huwa na maana moja kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, na maana nyingine kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma. Wanawake wengi katika familia zetu, kuanzia mjini Moshi hadi Kibosho, Kilema, Marangu na Rombo, hawajapata kuelezwa tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo kijana huogopa kupita kiasi, na pengine hukubali kuondolewa kiungo ambacho kingeweza kuachwa. Huku mama yake au bibi yake akivumilia dalili ambazo zingepaswa kumfikisha hospitali mapema.

Ovari na kazi yake

Kila mwanamke ana ovari mbili, moja upande wa kulia wa kizazi na nyingine upande wa kushoto. Wengi huziita vifuko vya mayai. Katika miaka ya uzazi, kila moja ina urefu wa takribani sentimita 3 hadi 4. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mbegu za mayai zipatazo milioni 1 hadi 2. Nyingi hufa kadiri miaka inavyopita, na katika maisha yake yote ni mayai kama 400 tu yanayokomaa na kutoka.

Kila mwezi, yai moja hukua ndani ya kijifuko chenye majimaji. Kijifuko hicho hufikia upana wa sentimita 2 au zaidi kidogo, kisha hupasuka na kuliachilia yai. Mahali pale palipopasuka hujifunga na kugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya njano inayotoa homoni ya kuitunza mimba, ikiwa mimba itatungwa. Isipotungwa, tezi hiyo hunyauka, hedhi huja, na mzunguko huanza upya.

Kwa maneno mengine, ovari ya mwanamke anayepata hedhi hutengeneza mfuko wa maji kila mwezi, nayo ni kazi yake ya kawaida. Hapo ndipo unapoanzia uelewa wa ugonjwa huu.

Uvimbe kwa mwanamke anayepata hedhi

Mara nyingine kijifuko cha yai hakipasuki wakati wake, bali huendelea kujaa maji. Kikizidi sentimita 3, madaktari hukiita sisti, yaani uvimbe wa maji. Mara nyingine kijifuko hupasuka vizuri, lakini ile tezi ya njano hujaa maji au damu. Aina hizi mbili ndizo zinazoonekana zaidi kwa wasichana na akina mama wa umri wa kuzaa. Hazitokani na dhambi, wala uchafu, wala kurogwa. Zimetokana na kazi ya kila mwezi iliyochelewa kumalizika, na nyingi hutoweka zenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu, bila dawa yoyote.

Ndiyo maana daktari mwenye busara, akiona kwenye altrasaundi uvimbe wa maji matupu, wenye ukuta mwembamba na chumba kimoja, chini ya sentimita 5, kwa mwanamke kijana asiye na dalili, humwambia aende nyumbani kwa amani. Wanawake wengine hudhani kwamba wamepuuzwa, kwa kuwa wametoka hospitali bila kidonge hata kimoja. Sivyo. Kusubiri kwa utaratibu nako ni tiba. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza, kwa mfano, hauhitaji ufuatiliaji kwa uvimbe wa namna hiyo. Ukiwa kati ya sentimita 5 na 7 hupimwa tena kila mwaka. Na ukizidi sentimita 7 huhitaji uchunguzi zaidi au upasuaji. Mahali pengi kipimo cha kwanza hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 12, hasa siku chache baada ya hedhi kwisha, ili kuhakikisha kama uvimbe umepungua.

Wapo wanaopewa vidonge vya homoni kwa tumaini kwamba vitauondoa uvimbe haraka. Tafiti zilizolinganisha wanaotumia vidonge hivyo na wanaosubiri tu zimeonyesha kwamba uvimbe uliokwisha kuwapo hauondoki upesi zaidi kwa vidonge. Ni vema mama ajue hilo kabla ya kuanza dawa.

Uko pia uvimbe usiotoweka wenyewe. Mmojawapo hutokana na ugonjwa wa endometriosisi, ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi. Ikiota kwenye ovari huvuja damu kila mwezi, na damu hiyo ya zamani hukusanyika ikawa nzito, yenye rangi ya chokoleti. Mwanamke mwenye hali hii huumia sana wakati wa hedhi, pengine huumia katika tendo la ndoa, na mara nyingine huchelewa kupata mimba. Maumivu yanayomlaza msichana kitandani na kumkosesha masomo kila mwezi yasichukuliwe kuwa desturi ya wanawake ambayo ni lazima aivumilie.

Nywele na meno

Ipo aina nyingine inayostahili kuelezwa peke yake, kwa sababu imewahi kuvunja heshima ya watu na amani ya familia. Uvimbe huo huitwa demoidi. Daktari anapoupasua hukuta ndani yake mafuta mazito, nywele, na pengine hata meno. Si ajabu kwamba habari ya namna hiyo ikifika kijijini huzaa maneno: kwamba dada huyo amerogwa, kwamba alitoa mimba, au kwamba mtoto alikufa tumboni akageuka hivyo.

Ukweli ni mwepesi zaidi. Ovari ndiyo ghala la mbegu za mayai, nazo zina uwezo wa kutengeneza kila aina ya tishu ya mwili: ngozi, nywele, mafuta, mifupa na meno. Mara chache mbegu moja huanza kukua yenyewe ndani ya ovari, bila mwanamume, bila mimba na bila tendo lolote. Demoidi huweza kumpata msichana asiyewahi kumjua mwanamume, na huweza kumpata mtawa. Nywele zile ni zake mwenyewe. Nyingi za demoidi si saratani, lakini hukua polepole, na kwa uzito wake huweza kuifanya ovari ijisokote. Kwa hiyo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji unaoiacha sehemu nzima ya ovari mahali pake.

Tuwaombe pia wazazi na walimu. Msichana ambaye tumbo lake linakua asihukumiwe kabla ya kupimwa. Kipimo cha mimba ni rahisi na cha haraka. Kikionyesha kwamba hana mimba, hatua inayofuata ni altrasaundi, kwa sababu uvimbe wa ovari huwapata hata watoto, na baadhi ya uvimbe wa umri huo hukua kwa kasi na huhitaji tiba mapema. Aibu na ukali wa nyumbani humchelewesha mtoto anayehitaji daktari.

Maumivu ya ghafla ni dharura

Kwa mwanamke wa umri wowote, uvimbe ambao haukuwa na hatari unaweza kuwa dharura ndani ya saa chache. Ovari yenye uvimbe mkubwa huweza kujisokota kwenye mishipa yake, kama kamba inavyosokotwa, na damu ikashindwa kuifikia. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Yanaweza kuanza mama akiwa ameinama shambani au amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. Akiwahi hospitali, madaktari wanaweza kuisokotoa ovari na kuiokoa, hata kama imekwisha kubadilika rangi. Akingoja kupambazuke, huenda ikafa.

Dalili kama hizo, zikiambatana na kuchelewa kwa hedhi, kizunguzungu au kuzimia, zinaweza kuashiria mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huua kwa kuvuja damu ndani. Kwa hali zote mbili jibu ni moja: twende hospitali usiku huohuo. Tusijaribu kwanza dawa ya tumbo la kuharisha au ya chango.

Kuhusu mama mjamzito, inafaa ajue kwamba uvimbe mdogo unaoonekana katika wiki za mwanzo mara nyingi ni ile tezi ya njano inayoitunza mimba hadi kondo la nyuma litakapochukua kazi hiyo, karibu na wiki ya 10. Kuiondoa mapema bila sababu nzito ni kuuhatarisha uhai wa mtoto. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hutoweka mimba inapoendelea kukua.

Baada ya hedhi kukoma

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, bila sababu nyingine kama vile kunyonyesha au dawa. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ovari zake husinyaa hadi karibu sentimita 2, na kazi ya kukuza mayai huisha.

Sasa turudi kwenye yale tuliyoyasema. Kwa kijana, mfuko wa maji unaelezeka: ni kazi ya mwezi iliyochelewa. Kwa mama wa miaka 60, kazi hiyo haipo tena. Ovari yake iliyopumzika ikitengeneza uvimbe, ni lazima tuulize unatokana na nini. Swali hilo si hukumu. Uvimbe mdogo wa maji matupu huonekana kwa akina mama wengi waliokoma hedhi, na mwingi wao si saratani. Ukiwa upande mmoja tu, una chumba kimoja, uko chini ya sentimita 5, na kipimo cha damu ni cha kawaida, mwongozo wa Uingereza tuliokwisha kuutaja huruhusu kusubiri: mama hupimwa tena baada ya miezi 4 hadi 6, na mwaka ukipita bila mabadiliko anaweza kuachiwa.

Lakini ukiwa na vyumba vingi vilivyotenganishwa kwa kuta, ukiwa na sehemu ngumu za nyama, ukiwa pande zote mbili, au pakiwa na maji yaliyojikusanya tumboni, mama huyo anapaswa kuonwa na daktari bingwa bila kuchelewa. Saratani ya ovari huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na inapogunduliwa ikiwa bado ndani ya ovari, tumaini la kupona ni kubwa kuliko ikiwa imekwisha kuenea.

Hesabu inayofundisha

Tofauti hii ya umri si maoni tu. Imo hata katika hesabu za madaktari. Mwaka 1990, daktari Ian Jacobs na wenzake huko London walitoa kanuni ya kukadiria hatari ya uvimbe wa ovari. Kanuni hiyo huzidisha mambo matatu.

Jambo la kwanza ni picha ya altrasaundi. Huangaliwa alama tano: vyumba vingi, sehemu za nyama, uvimbe wa pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kuenea. Isipokuwapo hata moja, picha hupewa 0. Ikiwapo moja, 1. Zikiwapo mbili au zaidi, 3. Jambo la pili ni hedhi: anayeendelea kuipata hupewa 1, na aliyekoma hupewa 3. Jambo la tatu ni kiwango cha kipimo cha damu kiitwacho CA-125, ambacho kwa kawaida huwa chini ya 35.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 30 na mama yake wa miaka 60. Wote wawili wana uvimbe wenye vyumba vingi na sehemu za nyama, na wote wana CA-125 ya 30. Kwa binti hesabu ni 3 mara 1 mara 30, yaani 90. Kwa mama ni 3 mara 3 mara 30, yaani 270. Kiwango kilichopendekezwa cha kumpeleka mgonjwa kwa bingwa wa saratani za wanawake ni 200. Picha ni moja na damu ni moja, lakini mama amevuka mpaka na binti hajauvuka. Binti naye atachunguzwa zaidi, kwa kuwa picha yake si ya maji matupu. Ila mama hapaswi kupoteza hata wiki moja. Namba hii haisemi kwamba mtu ana saratani. Inasema nani apewe nafasi ya mbele kwenye foleni.

Kipimo cha CA-125 nacho kina udhaifu wake. Kwa mwanamke kijana huweza kupanda kwa sababu ya hedhi yenyewe, mimba, endometriosisi, maambukizi ya viungo vya uzazi, au fibroidi, yaani uvimbe wa nyama kwenye kizazi. Katika nchi kama yetu, ambamo kifua kikuu bado kipo, ipo sababu nyingine ya kukumbukwa: kifua kikuu cha tumbo huweza kujaza maji tumboni, kumkondesha mgonjwa na kupandisha CA-125, mambo yakafanana kabisa na saratani ya ovari iliyoenea. Mgonjwa wa namna hiyo huponywa kwa dawa za kifua kikuu. Kwa hiyo familia isikate tamaa kwa karatasi moja ya maabara. Ingoje vipimo vikamilike.

Vilevile ukubwa peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Tarehe 25 Desemba 1809, huko Kentucky nchini Marekani, daktari Ephraim McDowell alimwondolea mama aitwaye Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wenye uzito wa kilo 10 hivi, miaka mingi kabla ya dawa ya usingizi kugunduliwa. Mama huyo alipona, akaishi miaka mingine zaidi ya 30. Tumbo kubwa linaweza kuwa na ugonjwa unaopona.

Dalili zinazojificha nyuma ya magonjwa mengine

Kwa nini basi akina mama wengi huchelewa? Sababu mojawapo ni kwamba dalili za saratani ya ovari huvaa sura ya magonjwa madogo. Nazo ni tumbo kujaa na kuvimba, kushiba haraka baada ya kula kidogo, maumivu ya kiuno na chini ya tumbo, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mama hutibiwa vidonda vya tumbo, kisha minyoo, kisha maambukizi ya njia ya mkojo, kisha tena vidonda vya tumbo. Sketi yake haifungi kiunoni, ilhali mikono na mashavu yake yanakonda, na majirani humsifu kwamba amenenepa.

Kigezo kinachosaidia ni kuhesabu siku. Dalili hizo zikimjia mwanamke mara kwa mara, hasa zaidi ya siku 12 katika mwezi, na zaidi sana kama amefikisha miaka 50, aombe kupimwa altrasaundi ya nyonga na tumbo. Mama aliyetibiwa tumbo mara mbili bila nafuu asikubali dozi ya tatu kabla ya kupigwa picha.

Dalili nyingine ni damu. Katika baadhi ya familia, bibi akiona damu miaka kadhaa baada ya kukoma, husemwa kwamba “ujana umerudi.” Hedhi iliyokwisha kukoma kwa mwaka mzima hairudi. Damu hiyo, hata ikiwa tone moja, inahitaji uchunguzi wa kizazi, mlango wa kizazi na ovari.

Hapa pana jambo ambalo hata waliosoma huchanganya. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulikuwa wa kwanza nchini kujaribu chanjo ya HPV kwa wasichana, mwaka 2014, kabla ya chanjo hiyo kuenea nchi nzima mwaka 2018; na akina mama wengi wamehamasika kupima saratani ya mlango wa kizazi. Hilo ni jema na liendelee. Lakini kipimo cha mlango wa kizazi hakizioni ovari. Mama aliyepewa majibu mazuri ya mlango wa kizazi hajapimwa ovari zake. Wala hakuna mpaka sasa kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili ili kuzuia vifo vya saratani ya ovari: utafiti uliofanyika Uingereza kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi, na ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba upimaji wa namna hiyo haukupunguza vifo. Kwa hiyo silaha yetu ni kuzisikiliza dalili na kwenda mapema.

Wapi pa kuanzia

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na eleza dalili zote bila kuona haya. Ukihitaji altrasaundi, zipo hospitali zetu za jimbo: Kibosho, Kilema, Huruma kule Rombo, na Mtakatifu Yosefu iliyopo Soweto mjini Moshi, zipo pia za ndugu zetu Walutheri za Machame na Marangu, na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Kwa mgonjwa anayehitaji bingwa, rufaa huenda KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako pia kuna huduma za saratani.

Karatasi ya majibu itunzwe kama hati ya kihamba. Daktari atakayekuona mwakani atahitaji kulinganisha. Hakikisha imeandikwa mambo haya: ukubwa kwa sentimita, uvimbe uko upande gani, au pande zote mbili, ni maji matupu au una kuta na sehemu za nyama ndani, na kama kuna maji tumboni. Mwambie mpimaji tarehe ya hedhi yako ya mwisho, au mwaka ulipokoma. Kama tulivyoona, jibu hilo ni sehemu ya kipimo.

Kabla ya upasuaji, uliza: Je, ni uvimbe tu utakaoondolewa, au na ovari? Je, ovari ya pili ni nzima? Mwanamke aliyebaki na ovari moja nzima huendelea kupata hedhi na anaweza kuzaa. Akiondolewa zote mbili kabla ya wakati, hukoma hedhi ghafla, naye hupata joto la mwili, kukosa usingizi na mifupa kudhoofika. Hivyo hatua hiyo inahitaji sababu ya kutosha na ufuatiliaji. Kwa mama aliyekoma hedhi, kuondoa ovari zote mbili mara nyingi ndiyo njia salama. Na uvimbe wake usitobolewe kwa sindano ili kunyonya maji, kwa sababu kama una chembe za saratani zinaweza kusambaa.

Dhamiri, jumuiya na watawa

Wapo waamini wanaojiuliza kama ni dhambi kuondolewa ovari, au kutumia dawa ya homoni iliyoandikwa kwa ajili ya ugonjwa. Papa Mtakatifu Paulo VI, katika Waraka wake wa Humanae Vitae wa tarehe 25 Julai 1968, aya ya 15, alifundisha kwamba Kanisa halikatazi tiba zilizo za lazima kwa kuponya magonjwa ya mwili, hata kama inatazamiwa kwamba zitazuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa moja kwa moja. Mama anayeondolewa ovari yenye ugonjwa anatibiwa. Asiibebe tiba hiyo kama hatia. Mwenye shaka azungumze na paroko wake. Tena, anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa anaweza kupokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kabla ya kwenda. Sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao.

Tuwakumbuke pia masista wetu. Kila yai linapotoka, uso wa ovari hujeruhiwa kidogo na kujitengeneza upya. Mimba na kunyonyesha huipumzisha. Kwa sababu hiyo wanawake ambao hawakuzaa, watawa wakiwamo, wana hatari kubwa kiasi ya kupata saratani ya ovari kuliko wenzao waliozaa. Hatari hiyo bado ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini inatosha kuwafanya wakuu wa nyumba za kitawa wasiichukulie afya ya wanawake kuwa jambo la walioolewa tu. Sista wa miaka 58 anayelalamikia tumbo kujaa anastahili altrasaundi kama mama mwingine yeyote.

Kwa jumuiya zetu ndogondogo na vikundi vya WAWATA, kazi iko wazi. Wanapomtembelea mama anayelalamikia tumbo, wamuulize maswali mawili: hedhi yako bado inakuja, au imekoma? Na je, umepigwa picha? Kama nauli ndiyo kikwazo, wachange. Kama woga ndio kikwazo, mmoja amsindikize na kukaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Waume na watoto wa kiume nao wajue habari hizi, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaoamua ng'ombe auzwe lini.

Kijana mwenye uvimbe mdogo wa maji matupu atulie, arudi kupimwa kwa tarehe aliyopewa. Mama aliyekoma hedhi asiseme “nitaangalia baada ya mavuno ya kahawa.” Kahawa itangoja.